Zamu ya Langoni

Wiki iliyopita niliitwa kwenye semina ya walimu wapya wa vijana hapa Garissa, katika ukumbi wa shule ambao feni zake zote tatu zilikuwa zimekufa. Wengi wenu mnaosoma haya mlikuwepo. Mlinipa kiti cha mbele, soda baridi, na dakika kumi za kutoa neno kama mama yenu mstaafu. Kabla yangu alisimama ndugu mmoja mwenye suti, akawaambia kwamba kijana wa Kikristo katika eneo letu ni askari, na askari hukaa mstari wa mbele. Mkapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema kichwa kinaniuma, nikaketi.

Kichwa hakikuwa kinauma. Nilikuwa na hasira, na mzee mwenye hasira akipewa dakika kumi atatukana tu. Kwa hiyo nimewaandikia nikiwa nyumbani, nimekunja miguu mkekani, na hakuna wa kunionyesha saa.

Mimi ni Penina, Mpokomo wa kando ya mto. Nilikuja mjini kwa ajili ya ndoa, nikabaki kwa ajili ya vijana. Nimewafundisha vijana wa kanisa letu dogo kwa miaka ishirini na saba. Sikusomea. Kazi hii nilipewa kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa na hakuna mwingine aliyeitaka.

Kwanza mjue mnawafundisha akina nani. Vijana wetu ni watoto wa uhamisho. Baba ni mwalimu, au askari magereza, mama ni muuguzi. Unaanza na mtoto akiwa kidato cha kwanza, anaanza kukuamini, halafu Jumapili moja kiti chake kiko wazi. Barua imekuja, wamekwenda Kitui, wamekwenda Busia. Kwa hiyo usiseme somo hili nitalifundisha mwakani. Mwakani huna. Na usiwafundishe kama watu waliozingirwa. Watoto hawa wamekua na wenzao Waislamu, wamekaa nao dawati moja, wameazimana kalamu na madaftari. Mtoto wa kwetu hujua kutania kwa Kisomali kabla hajajua kusali kwa Kikamba. Mwalimu mgeni anayekuja kumfundisha kumwogopa jirani yake anambomolea nyumba aliyokuwa anaishi vizuri.

Aliyenifundisha kazi ni fundi mwashi, Mzee Nzioka. Mwaka wangu wa kwanza niliandaa somo la usafi wa moyo, lenye vipengele kumi na vitatu, nimeviandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Kufika kipengele cha tano, nusu ya vijana wamelala, na joto la mabati lilikuwa limenisaidia kuwalaza. Mzee Nzioka alikuwa nje akijenga choo cha kanisa, akasikia yote kupitia dirishani. Nilipotoka akaniita.

"Mwalimu, yule kijana wa nyuma mwenye shati la bluu, mama yake amelazwa tangu lini?"

Nikamwambia sikujua kama amelazwa.

"Basi umepiga plasta mahali hapana ukuta," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ni yeye aliyenionyesha kwamba kijana haongei ukimkodolea macho. Mweke mbele yako kwenye kiti umuulize hali ya roho yake, atakwambia ni njema. Mpe kazi ya mikono, nawe ushike kazi iyo hiyo kando yake, muwe mnaangalia kitu kimoja. Chagueni mchele. Fueni mapazia ya kanisa, osheni vyombo. Kufikia sahani ya kumi utaambiwa jambo ambalo mchungaji hajalisikia kwa miaka mitatu. Na mlango uwe wazi, na nyumbani wajue uko hapo, na usimwahidi mtoto kwamba utaficha kila atakalosema, maana yako mambo ambayo ukiyaficha umekuwa mshirika. Ninyi siku hizi mna kundi la WhatsApp, mnatuma neno la asubuhi lenye picha ya maua. Vizuri. Lakini simu haitakwambia kwamba mtoto ameacha kula.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha chini wiki iliyopita.

Ilikuja miaka ya hofu, miaka ya mashambulizi. Mnaijua, hata mliokuwa wadogo mnaijua, na sitaihadithia. Baadhi ya washirika wetu waliomba uhamisho wakaondoka. Makanisa makubwa ya katikati ya mji yaliwekewa askari. Letu lilikuwa pembeni, bula ya mwisho, yaani mtaa wa mwisho, kabla ya vichaka vya miiba vya mathenge, na askari walifika Jumapili ambayo gari lao lilikuwa na nafasi. Jumapili nyingine hawakufika.

Wazee wa kanisa wakakutana. Walikuwa sita, Mzee Nzioka akiwa mmoja wao ingawa siku hiyo alikuwa safarini kwao, nami nilikaa pembeni kuandika kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti wa wazee, mtu mwenye sauti nzuri na koti hata wakati wa joto, akasema, "Langoni tuweke vijana. Wana macho makali, wana mbio. Na huu ni wakati wao wa kujifunza kutumika." Wote wakatikisa kichwa kukubali. Akanigeukia. "Mwalimu atatupangia zamu."

Nami nikapanga. Nataka mlisome hili vizuri, maana hasira yangu ninayowaletea leo ilianza kwangu mwenyewe. Nilichukua rula na biro nyekundu, nikachora jedwali, juu nikaandika kwa herufi kubwa WALINZI WA NYUMBA YA BWANA. Nikawaandika wawili wawili. Nikabandika mlangoni, nikarudi nyuma hatua mbili kuona kama limekaa sawa. Nilijivuna. Nilidhani nimewapa vijana wangu heshima.

Wa kwanza kwenye orodha walikuwa Nekesa na Kilonzo. Nekesa alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa askari magereza, mrefu, mbishi. Ndiye aliyewahi kuniuliza, kama Mungu anajua yote, kwa nini alimuuliza Adamu yuko wapi. Nilimpenda kwa maswali yale ingawa yalinikosesha raha. Kilonzo alikuwa mchekeshaji, angeweza kuigiza kikohozi cha mchungaji mpaka mchungaji mwenyewe akageuka. Wakapewa kile kifimbo cheusi cha kukagulia, kinacholia kikikaribia chuma, wakasimama langoni Jumapili baada ya Jumapili, maana wenzao walikuwa wakikosa zamu nao hawakukosa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, alikaa Habo Sahara akiuza maziwa ya ngamia kwenye madumu ya manjano. Habo ni kama kusema shangazi, na mtaa mzima, wetu na wao, ulimwita hivyo. Jumatatu moja nilikwenda kununua maziwa akaniambia, "Mwalimu, nauliza kitu moja. Usikasirike."

"Uliza, Habo."

"Jumapili naona watoto kwa mlango. Msichana na kijana. Wazee iko wabi?"

"Wako ndani, wanasali."

Akachota maziwa polepole. "Sisi, kama simba iko mbele, mwenye ngamia natangulia. Mtoto nakaa nyuma na ndama. Nyinyi mnafanya namna gani?"

Nikamwambia kwetu vijana wanajifunza kutumika. Akanifunikia jagi langu. "Haya, abayo," akasema, yaani dada, kama unavyomwambia mtu unayemhurumia. Niliondoka nimemkasirikia njia nzima. Nilisema moyoni, huyu anajua nini kuhusu mambo ya kanisa. Kumbe alikuwa amelijua kanisa letu kuliko kikao kizima cha wazee, na alikuwa amelijua akiwa ameketi juu ya dumu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa katikati ya wimbo wa pili. Nikasikia sauti ya Nekesa nje, "Simama hapo. Weka mfuko chini." Kisha tena, kwa sauti ya juu zaidi. Kisha Kilonzo kwa Kisomali, "Joogso," yaani simama. Wimbo ukaanza kupungua, safu kwa safu. Halafu kitu kizito cha chuma kikaanguka kwenye mawe.

Kanisa lote likashuka chini. Viti vya plastiki vikapinduka, watu wakalaliana, wa karibu na mlango wa nyuma wakatoka kupitia huo, na waliofuata wakatokea dirishani. Mimi nililala kati ya viti, na kitabu cha nyimbo nikakiweka juu ya kichwa. Sijui nilidhani karatasi zile zingenikinga na nini. Nakumbuka sakafu ilivyokuwa na joto kwenye shavu langu. Nakumbuka nikiwaza kwa maneno kamili: watoto wako nje. Niliwaza hivyo mara nyingi. Miguu yangu haikufanya lolote.

Kilichoniinua ni sauti ya Habo Sahara akimgombeza mtu kwa Kisomali.

Nilipotoka nilimkuta amesimama katikati ya njia na kikombe chake cha kupimia maziwa mkononi. Mbele yake alikuwa mtu mwembamba mwenye shuka kiunoni, ametoa macho. Miguuni pake gunia limefunguka na kichwa cha cherehani kimelala ubavu, gurudumu limepinda. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Tarbaj. Aliambiwa fundi wa cherehani yuko jirani na kanisa. Kiswahili hakujua, na Nekesa alivyompigia kelele akadhani anaibiwa. Kilonzo, kwa hofu, alikuwa amesahau Kisomali chote isipokuwa lile neno moja.

"Anasema bole," Habo Sahara akatuambia. "Anasema cherehani ni ya bibi yake."

Nekesa alikuwa bado amesimama kati ya mtu yule na lango, mikono ameitandaza kama anayezuia mbuzi. Nilikwenda kumchukua kile kifimbo. Vidole vyake vilikataa kufunguka, ikabidi nivifungue kimoja kimoja.

"Hakilii, Mwalimu," akaniambia.

"Nini hakilii?"

"Hiki. Betri iliisha kabla ya Pasaka. Tulimwambia Mwenyekiti. Alisema tuendelee kukishika, watu wakikiona wataogopa."

Pasaka ilikuwa imepita miezi minne. Miezi minne nilipita langoni kila Jumapili, Kilonzo akinipitishia kile kitu mgongoni akitania, "Mwalimu yuko safi," nami nikicheka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini funguo zangu hazikiamshi.

Mwenyekiti alirudi kutoka upande wa mathenge akitoa miiba kwenye koti. Alishika kipaza sauti, akamshukuru Mungu kwa ulinzi wake, akaomba kanisa liwapigie makofi vijana wetu mashujaa. Watu wakapiga. Ndiyo makofi yale yale niliyoyasikia wiki iliyopita, na ndiyo maana niliketi. Kilonzo aliinama kama mwigizaji jukwaani, maskini, ndivyo alivyojua kujitetea. Nekesa alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Hakuja Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Nilikwenda kwao, nyumba za askari magereza. Mama yake alikuwa uani akimsuka binti wa jirani, akaniambia yuko pale nyuma anaosha vyombo, mtoto haongei na mtu. Nikavua saa, nikakaa kando ya beseni, nikachukua sufuria iliyoungua na kipande cha waya. Tulisugua muda mrefu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa wapi?"

"Chini. Kati ya viti."

Akasuuza sahani mbili. "Nilikuwa naangalia yule mtu, halafu nageuka nyuma kuona nani anakuja. Nikageuka mara tatu." Akaongeza sabuni kwenye beseni. "Nilidhani utakuwa wewe."

Wanangu, nimezika mume, nimeugua, nimesemwa vibaya mbele ya watu. Hakuna lililowahi kunipata kama maneno yale ya mtoto aliyekuwa na povu la sabuni mikononi. Nilitaka kumwambia ilitokea haraka, kwamba kila mtu aliogopa, kwamba Mungu alimtuma Habo Sahara. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa njia ya kutoroka kupitia dirishani.

Nikamwambia, "Niliogopa nikawaacha. Na jina lako niliandika mimi kwenye ile karatasi. Langu sikuandika."

Alinipa kitambaa nikaushe vyombo. Nilipoondoka aliniuliza, bila kunitazama, "Mlitufundisha mchungaji hutangulia kondoo. Sasa pale ni nani alikuwa kondoo?"

Nilikwenda kwenye kikao cha wazee nikiwa nimebeba swali lile. Safari hii sikukaa pembeni na daftari. Niliweka mezani karatasi mpya ya zamu, imechorwa kwa rula kama ile ya kwanza. Jina la kwanza langu, na la pili la Mwenyekiti, kisha wazee wote mmoja mmoja.

Mwenyekiti akaisoma. "Mwalimu, usituletee siasa. Vijana wenyewe hawajalalamika."

"Walilalamika kuhusu betri," nikasema. "Walikuja kwako."

Akatazama pembeni. Mzee mmoja akasema yeye ana presha. Mwingine akasema goti lake haliruhusu kusimama. Wa tatu, mtu mpole ambaye sikutarajia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi nina watoto, Mwalimu."

"Hata hawa ni watoto," nikamjibu.

Mzee Nzioka, ambaye alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kofia magotini, akasema, "Niandike Jumapili hii." Ni yeye peke yake.

Niliambiwa nipumzike kufundisha kwa muda, nitulize moyo. Waliandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, na mwandishi alikuwa mtu mwingine, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Sawa. Jumapili iliyofuata nilikuwa langoni na Mzee Nzioka, mimi kwenye stuli, yeye kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Alikuwa ametoa betri kwenye redio yake ya nyumbani, akazitia kwenye kifimbo, kikalia mpaka tukaruka sote wawili. Niliogopa, msidhani sikuogopa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilinikausha mate. Jumapili ya kwanza nilikwenda chooni mara nne. Lakini nilijifunza kwamba hofu ile ni ya mtu mzima na inabebeka na mtu mzima. Niliyokuwa nimewabebesha watoto haikuwa ya kimo chao.

Tulifanya pia jambo ambalo hatukulifanya tangu mwanzo. Tulimwomba Habo Sahara atufundishe maneno ya kumpokea mtu asiyejua Kiswahili: karibu, unatafuta nani, tafadhali fungua mfuko. Alitufundisha kwa ukali, akituchekea matamshi, akasema Mzee Nzioka anaongea kama anayetafuna mawe. Baada ya miezi miwili yule mzee mpole, aliyesema ana watoto, alikuja akasimama nasi. Alikuja na kiti chake. Wengine hawakuja kamwe.

Niliporudishiwa darasa, somo langu la kwanza lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kutoa. Nilisimama mbele yao nikasema, "Niliwaandika majina yenu mahali pa hatari na jina langu sikuliandika. Hatari ilipokuja nililala chini. Nilikosea, nawaomba msamaha." Nikanyamaza. Ulimi wangu uliitafuta ile "lakini" inayofuata, nikaukataza.

Kilonzo akainua mkono. "Mwalimu, siku nyingine ukianguka, anguka upande wa langoni. Angalau tutajua uko njiani."

Wakacheka, nikacheka nikilia. Baadhi yao walinisamehe siku hiyo, wengine walichukua mwaka, na mmoja alihamia Embu kabla sijajua. Nekesa hakuwepo.

Alirudi mara moja tu mwaka ule, kwa amri ya baba yake, na nitawaambia ni lini. Mwenyekiti alipata uhamisho, kanisa likamfanyia sherehe ya kumuaga. Pilau ya mbuzi, maputo, na hotuba za kumsifu kwa namna alivyolilinda kanisa wakati mgumu. Niliombwa kuwapanga vijana wamwimbie. Nilikataa, wakapangwa na mwingine. Nekesa alisimama safu ya mbele licha ya urefu wake, wenzake wakaimba beti zote nne, na yeye hakufungua mdomo hata mara moja. Alimtazama tu. Dada mmoja akaninong'oneza kwamba yule msichana ana kiburi. Nikamwambia kwamba katika ukumbi ule wote, yeye ndiye niliyemwona akifanya ibada.

Basi sikilizeni, ninyi mnaoanza. Mtaambiwa vijana ni nguvu ya kanisa. Angalieni anayesema hivyo ameketi wapi. Mtaletewa wageni kutoka Nairobi wenye kamera, watataka mtoto asimame aeleze hofu yake huku akilia, ili wakaionyeshe kwingine. Waambieni hapana, na mpeni mtoto yule nafasi ya kwenda kucheza mpira, saa kumi na moja, jua likipoa. Mtaombwa mpange zamu. Zipangeni, watoto wafagie, wapige ngoma, wasome Neno, wabebe viti, maana kutumika ni kwema na mtoto asiyetumika huoza. Lakini kila orodha utakayoandika, isome tena ukijiuliza kama wewe ungekubali kusimama pale unapomsimamisha mtoto wa mwenzako. Kama ungekataa, ichane. Usiwaite wazee kwanza. Ichane, halafu ndipo uwaite.

Na mkikosea, kwa sababu mtakosea, msiwaombe watoto msamaha kwa sala ndefu. Sala ndefu ni mahali pazuri pa kujificha. Taja ulichofanya, kisha unyamaze.

Mnaweza kuniuliza ni kwa nini bado nina hasira, mambo yamepita, mji umetulia, tuktuk zimejaa barabarani, chuo kimejaa wanafunzi. Nina hasira kwa sababu niliketi katika ukumbi ule wiki iliyopita nikasikia yale yale, na waliopiga makofi ni ninyi, na mna nyuso nzuri, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza yule ndugu mwenye suti kama mwanawe yuko mstari gani.

Nekesa sasa ni mwalimu, anafundisha watoto wa wakimbizi kule kambi ya Ifo. Huja mjini shule zikifungwa, kwa sababu baba yake alistaafia hapa hapa, na hunipitia. Mwezi jana alikuja, tukanywa chai. Nilimuuliza kama anakwenda kanisani. Akasema mara nyingine, akipata lile ambalo haliulizi sana.

"Wewe nilikusamehe zamani, Mwalimu," akasema. "Siku ile ya vyombo, uliposema uliogopa. Sikukwambia tu. Wale wengine bado. Hakuna aliyewahi kuja."

Somo la msamaha ninalo kichwani, nimelifundisha miaka ishirini na saba, na lina vipengele. Sikulitoa. Nilimwambia asiharakishe, na kwamba hasira yake haijamfukuza mbele za Mungu, maana hata mimi husali nikiwa na yangu. Akacheka kidogo. Kisha akaweka kikombe chini akaniuliza habari za mwalimu mpya wa vijana wa kanisa letu, aliye mmoja wenu. Kitinda mimba wa kwao amefikisha miaka kumi na tano, ameanza kuhudhuria, na Nekesa alitaka kujua ni mtu wa namna gani.

Nikamwambia bado sijui. Ndiyo maana nimewaandikia.